Kliniki ya lishe na uzito hapa Dar: nimeenda mimi na mtoto wangu wa miaka 9, hela imelipa au tumepigwa?

Naanza na bei maana najua wengi mnashuka chini kutafuta hiyo tu. Mara ya kwanza kumuona daktari pamoja na mtu wa lishe ni elfu 60 mtu mzima, mtoto elfu 40, kurudi ni elfu 25, vipimo vya damu mnalipa pembeni, na bima yangu haikugusa hata mia, nikaambiwa kwenye kifurushi changu unene haumo. Jina la kliniki siweki, kuna mengi mazuri ntayasema ila yapo na yasiyopendeza na mimi sitaki ugomvi na mtu, ipo Kinondoni huko imetosha. Kwa mwenye haraka: mtoto mpeleke, mtu mzima inategemea, na kile kipimo cha mashine cha elfu 20 kikatae kwa adabu.

Mwanangu ni wa kiume yupo darasa la nne. Mnene. Sio mnene wa kuchekesha, mnene wa fundi kukwambia mama hii suruali ya saizi yake sina nakukatia ya form one nifupishe miguu. Nyumbani hakuna aliyeona shida maana kwetu mtoto akinenepa ni sifa kwa mama, wageni wakija wanamfinya mashavu, amenawiri, anakula vizuri huyu, na mama unavimba kichwa.

Sasa kitu cha kwanza walichofanya pale na kikanikosha ni chati. Wamama mnaijua ile kadi ya kliniki ya mtoto, kila mwezi unapanga foleni, mtoto anatundikwa kwenye mzani analia, nesi anaweka nukta, mstari unapanda, unarudi nyumbani na furaha yako. Akifikisha miaka 5 kadi inaingia kabatini kukaa na vyeti vya kuzaliwa na hapo hakuna tena anayempima mpaka siku akiumwa malaria wanamuweka kwenye mzani ili wajue dozi. Na miaka yote hiyo 5 hofu yetu ni moja tu, mstari usishuke. Kumbe juu nako kuna mpaka. Yule dada wa lishe akatoa chati nyingine, ya WHO ya kuanzia miaka 5 mpaka 19, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, akapima urefu, mtoto kavua viatu kisigino kimegusa ukuta, akapima kilo, akapiga hesabu mbele yangu kwenye kikokotoo cha simu: kilo 41, urefu mita 1.36, unachukua kilo unagawa kwa urefu mara urefu, hiyo ndo BMI, ikaja 22.

Mi nikasema moyoni 22 si safi kabisa? Maana mitandaoni tumefundishwa BMI chini ya 25 upo salama. Akaona uso wangu akacheka. Akasema mama, 25 na 30 ni za watu wazima, sisi tumeshamaliza kukua. Mtoto anasomwa kwa umri wake na jinsia yake. Kwa mvulana wa miaka 9 katikati ya chati ni kama 16, ikivuka 18 hivi ashaingia kwenye uzito uliozidi, ikivuka 20 na nusu huo ni unene wenyewe, obesiti. Akaweka nukta. Ilikuwa juu ya mstari wa mwisho mwekundu, nami nikanyamaza. Ningekuwa nimelipia hiyo nukta peke yake nisingelalamika, kwakweli, maana kabla ya hapo kila niliyemuuliza ananipa maoni yake, mara ataupunguza akibalehe, mara ni damu ya kwao, mara ni mafuta ya utoto.

Afu kuna la shingo. Hili naomba mlisome vizuri. Mwanangu ana weusi nyuma ya shingo, ule kama mstari wa uchafu kwenye mikunjo, ngozi imekuwa nene kidogo ukigusa laini laini hivi. Bibi yake kila akija likizo anamshika anamsugua na dodoki mpaka mtoto analia, huyu mtoto haogi, dada humuogeshi huyu. Daktari alimgeuza tu shingo akafunua na kwapa, akasema huu sio uchafu na msimsugue tena mnamuumiza bure. Ni dalili kwamba insulini kwenye mwili wake ipo nyingi kupita kawaida kwa sababu mwili umeanza kuwa sugu nayo, kongosho linazidisha kuitoa ili sukari iingie kwenye seli, na hiyo insulini nyingi ndo inachochea ngozi ya shingoni na kwapani kunenepa na kuwa nyeusi. Sio kisukari, ila ndo njia inayoelekea huko. Wakachukua damu wakapima sukari, ikaja kawaida, nikapumua. Uzito ukikaa sawa huo weusi unapungua wenyewe polepole. Ukiwa na mtoto mnene nenda kamwangalie shingo leo, sio lazima uende kliniki ya elfu 40.

Maswali mengine aliyouliza sikutegemea. Anakoroma? (Ndio.) Anashtuka usiku kama pumzi imekatika? Analalamika goti au nyonga, anachechemea? Kuna dawa ya pumu au ya ngozi anatumia muda mrefu, maana zile zenye steroidi zinanenepesha? Na nilipoomba apimwe homoni na tezi maana kuna rafiki yangu kaniambia lazima iwe tezi, daktari akakataa kunichukulia hela. Akasema watoto wenye shida ya homoni kwa kawaida wanakuwa wanene huku wamedumaa urefu, huyu wako ni mrefu kuliko wenzie, anakua vizuri, sina sababu ya kumtoboa. Hapo ndo nikaanza kuwaamini. Sehemu inayokukatalia kipimo mjini hapa ni adimu.

Haya sasa nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa mtoto anakula nini nikaandaa majibu mazuri ya kujisifu, mboga, matunda, samaki. Yule dada wa lishe hakuuliza hayo. Aliuliza dumu la mafuta la lita 5 mnanunua baada ya muda gani na mko wangapi. Nikajibu kwa mwezi moja, tupo watano pamoja na dada wa kazi. Akaandika kwenye karatasi: lita 5 za mafuta ni gramu 4600 hivi, kila gramu ya mafuta ina kalori 9, jumla elfu 41 na kitu, gawa kwa siku 30, gawa kwa watu watano, kila mtu hapo nyumbani anakunywa kalori kama 275 za mafuta ya kupikia kila siku ya Mungu, na hapo hujahesabu wali wala ugali wala nyama yenyewe, wala chipsi za nje. Mtu mzima wa kawaida mwili unataka kama 2000 kwa siku. Akauliza sukari. Kilo 4 kwa mwezi. Kilo 4 gawa kwa 30 gawa kwa watano, gramu 26 na ushee kwa kila mtu. WHO wanasema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ndo bora zaidi, mtoto ni chini ya hapo maana anakula kidogo kuliko mkubwa. Yani ile 25 tumeimaliza kwenye chai na uji na juisi ya nyumbani kabla mtu hajafungua soda. Na soda ile ya chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, vijiko vya chai vinane. Mwanangu alikuwa anapata yake kila Jumapili baada ya kanisa, na kwenye sherehe mbili tatu, na kwa shangazi yake.

Hiyo hesabu ilikaa dakika kumi tu ila ndo kitu kilichobadilisha nyumba, sio ratiba ya dayati. Kwasababu mtu akikwambia punguza mafuta unasema sawa napunguza, ila akikuonyesha dumu lako mwenyewe huna pa kukimbilia. Akasema sitaki mhesabu kalori nyie, nataka dumu likae miezi miwili na kilo 4 za sukari ziwe 2. Basi. Njia mtaijua wenyewe jikoni.

Na hapa ndo walipofanya jambo la akili sana, wakasema ukirudi njoo na dada wa kazi. Mi ndo nikawa najiuliza dada anahusika vipi. Anahusika kuliko mimi! Mi natoka saa 11 asubuhi narudi saa 2 usiku, anayemimina mafuta kwenye sufuria ni dada, anayempa mtoto mandazi mawili ya ziada asilie ni dada. Alipokuja, yule dada wa lishe akaongea naye kwa heshima kabisa, hakumsomea, akamuuliza unakaangaje kitunguu, kijiko au unamimina, dada akasema namimina mpaka nione inatosha. Wakacheka wote wawili. Akampa kijiko cha mezani cha chuma, akamwambia vitatu kwa mboga ya familia, na mchicha usiuivishe mpaka ulie. Nyumbani dada kakitundika kile kijiko ukutani na hakuna anayeruhusiwa kukigusa hata mimi.

Uji wa lishe nao ulipata kesi. Unga una mchele, ulezi, mahindi, karanga, soya, sijui na nini, afu sukari, afu siagi kijiko juu. Dada wa lishe akasema huo ni uji wa kumnyanyua mtoto aliyepungua uzito na wa mtoto mdogo anayeanza kula, huyu mwenye kilo 41 akiunywa bakuli kila alfajiri na chapati anapewa chakula cha mgonjwa wakati haumwi. Ukibaki nyumbani uwe wa ulezi mtupu, bila siagi, sukari kidogo au asiwekewe kabisa azoee. Juisi ya embe ya blenda na yenyewe ikaondolewa, embe ale kwa meno. Ukisaga embe tatu anakunywa kwa dakika moja, ukimpa azitafune tatu anachoka kwenye ya pili.

Lakini kilichoniuma zaidi ni shule na mtanisamehe hapa ntaandika kirefu. Shule zetu hizi za gari la njano, mtoto anaamka saa 10 na nusu alfajiri, gari linapita saa 11 na robo, linazunguka Tabata nzima Segerea mpaka Kinyerezi, amekaa. Darasani amekaa. Mapumziko uwanja ni lami na magari ya walimu, duka la shule linauza krips, biskuti na juisi za boksi. Saa 10 jioni gari tena amekaa mpaka saa 12, akifika ni homuweki, afu katuni kidogo, analala saa 4. Saa sita na nusu za usingizi. Mtoto wa umri huo anatakiwa alale saa 9 mpaka 12, na acheze acheze kweli kweli walau saa nzima kila siku, kwa jumla. Mtoto asiyelala njaa yake inaongezeka na hamu yake inakimbilia vitu vitamu, hiyo ni homoni sio uroho. Kwa hiyo ratiba tuliyoilipia ada ya mamilioni ndo inamnenepesha kuliko chapati. Nilimwambia yule dada wa lishe sasa mi nifanyeje shule siwezi kuihamisha, akasema huwezi yote, chagua moja. Tukachagua usingizi, saa 2 na nusu taa zinazimwa na simu yangu haingii chumbani kwake, na Jumamosi asubuhi anatolewa nje acheze mpira na watoto wa mtaani mpaka achafuke. Homuweki kuna siku haiishi. Mwalimu amelalamika, namsikiliza tu.

Kitu kimoja wanakifanya vizuri pale na nakipigia saluti, mtoto hawamwambii apungue. Hakuna aliyemtamkia kilo. Alipoingia akasalimia shikamoo anti, akaitikiwa marahaba mwanangu, akaulizwa timu gani, mechi gani, akaonyeshwa picha ya sahani achore mwenyewe nusu mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki au yai. Sisi wakubwa tukaambiwa pembeni kwamba mtoto anayekua lengo mara nyingi sio kushusha kilo, ni kuzishikilia zilipo wakati urefu unazifuata. Akikaa na kilo 41 mwaka mzima huku anarefuka, nukta kwenye chati inashuka yenyewe. Hakuna kumfungisha, hakuna mlo mmoja kwa siku, hakuna kumkata wanga wote. Hii niliiuliza makusudi kwa sababu Dar hii kila mtu saivi ni mwanafunzi wa Profesa Janabi, yule wa moyo aliyekuwa Muhimbili na 2025 akachaguliwa kuongoza WHO kanda ya Afrika, ametufanya watu wengi tuiogope sukari na mimi namshukuru, ila majirani wanachukua ya watu wazima wanawafanyia watoto, mtoto anaenda shule hajala eti anafunga. Jibu lilikuwa hapana moja kwa moja. Na nyumba nzima ile kitu kimoja, usimpe yeye mchicha halafu baba yake akae pembeni na zege la chipsi mayai.

Huyo baba yake ndo alikuwa mgumu kuliko mtoto ila nayo ni hadithi nyingine.

Mimi sasa. Urefu 1.60, kilo 89, BMI 34 na ushee. Huku ndo nasema inategemea. Mambo waliyoniambia mengi ningeyapata kwa muuguzi yeyote mwenye subira. Walinitaka nianze na asilimia 5 mpaka 10 ya uzito, yani kilo 4 na nusu mpaka 9, wakasema hapo tu presha na sukari zinaanza kusogea sehemu nzuri, sio lazima urudi kwenye kilo za siku ya harusi. Wakanipima presha, wakauliza sindano ya uzazi wa mpango (ndio, ile ya miezi mitatu inaweza kuongeza uzito kwa baadhi yetu, sikuwahi kuambiwa), wakauliza hedhi inakujaje. Mazoezi wakasema dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, ila wakaniambia ukweli kwamba nusu saa ya kutembea kwa mwili wangu inachoma takriban soda moja, kwa hiyo usitembee halafu ukajipongeza na soda. Mazoezi ni ya moyo na ya kuzuia kilo zisirudi, kupungua kwenyewe kunaanzia sufuriani.

Kile kipimo cha mashine sasa. Unakanyaga bila viatu unashika vishikio viwili kinatoa karatasi ya rangi, asilimia ya mafuta, ya maji, umri wa mwili wako sijui miaka 51. Elfu 20. Kinapitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kutokana na maji, kwa hiyo ukiwa umekunywa maji mengi au umetoka jasho karatasi inabadilika. Nilikifanya mara moja kwa udadisi sirudii. Wakati huo huo yule dada alinifundisha kipimo cha bure: chukua kamba jipime urefu wako kutoka unyayo mpaka utosi, ikunje katikati, izungushe kiunoni katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Isipofika kuzunguka, kitambi kimezidi. Kwa sentimita, mwanamke kuanzia 80 ni tahadhari na 88 ni hatari, mwanaume 94 na 102. Mafuta ya tumboni ndo mabaya kuliko ya mapajani, wenye makalio makubwa mlale salama kidogo.

Niliuliza sindano za kupunguza mwili maana bango lao lipo risepsheni na insta nzima ndo habari ya mjini. Nilitegemea watanirukia wanipige hela, hawakunirukia. Daktari akanieleza semaglutide inaiga homoni ya utumbo inayoambia ubongo umeshiba, ilianza kama dawa ya kisukari, Marekani wakairuhusu kwa unene 2021, kwenye utafiti wake mkubwa watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Halafu walioacha, ndani ya mwaka mmoja karibu theluthi mbili ya walichopunguza kilikuwa kimerudi. Kwa hiyo ni dawa ya muda mrefu kama ya presha, je bajeti ya kila mwezi ipo? Haikuwepo. Akasema basi tuanze na dumu. Akaniambia pia kama BMI ingekuwa juu zaidi na magonjwa yameshaingia tungeongea habari za upasuaji au lile puto la tumboni wanaloweka hospitali ya Mloganzila, kwangu bado.

Na hapa nimuingize wifi yangu maana yeye alikuwa kwenye chai. Ile chai ya kukata tumbo ya mitandaoni, pakiti ya kijani, elfu 45, mwezi mmoja. Wiki ya kwanza kadondosha kilo 4 akanicheka mimi na kliniki yangu. Mbona mimi nimeshuka kilo moja na nimelipa mara mbili yake? Nikapeleka pakiti kwa yule dada aisome. Ndani kuna sena, ambayo ni dawa ya kuharishisha, kwa hiyo unachokiacha chooni ni maji na choo sio mafuta, na wiki ya kwanza ya kujinyima chochote mwili unatoa akiba yake ya wanga ambayo kila gramu moja imeshika kama gramu 3 za maji, ndo hizo kilo 4. Ukirudi kula zinarudi kwa siku mbili. Hilo ni la afadhali. La kutisha ni kwamba nchi nyingi wamekuta kwenye kahawa na chai za aina hii zinazoitwa za asili imechanganywa sibutramine kimya kimya, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Pakiti ile haikuwa na namba ya TMDA (wale wa dawa) wala ya TBS (wale wa viwango), haina hata anuani ya mtengenezaji. Wifi alikuwa analalamika moyo unamdunda usiku, alidhani ni mapepo! Kaacha. Sisemi ilikuwa na hiyo dawa sijui mtu hajaipima, nasema tu kaacha na moyo umetulia.

Mabaya yao sasa, maana sio malaika.

Mzani upo koridoni. KORIDONI. Watu wamekaa kwenye mabenchi pande zote mbili, unavua viatu, dada wa risepsheni anasoma kilo kwa sauti mwenzie aandike. Themanini na tisa nukta mbiliii. Mbele ya wanaume wa watu. Mwanangu alipanda pale watoto wawili wakacheka na nilimuona alivyoshusha macho. Kliniki nzima inajua mtoto mnene asiaibishwe halafu mzani mnauweka sokoni. Nililalamika kwa daktari akasema ataliangalia, niliporudi upo palepale.

Foleni. Miadi saa 3, tumeonwa karibu saa 6, mtoto amekosa shule siku nzima na kwa njaa nikamnunulia nini? Kwenye kiduka chao cha pale pale nje kuna soda na keki. Kliniki ya uzito jamani.

Ratiba ya chakula ya kuchapisha waliyonipa ilikuwa na brokoli, kinoa, salmoni na mafuta ya zeituni, sijui wameitoa wapi. Nashukuru yule dada alichukua kalamu akakata yote akaandika mchicha, matembele, dagaa, maharage, viazi vitamu vya kuchemsha, parachichi nusu. Karatasi iliyokatwakatwa ndo iko kwenye friji yangu. Ila asingekuwa yeye ningeondoka na salmoni.

Na grupu la WhatsApp. Unaingizwa bila kuulizwa, asubuhi mnapostiana picha za matumbo kabla na baada, mtu akipanda kilo moja anapewa vikatuni vya kulia. Nikatoka. Wenye moyo wa ushindani labda litawafaa.

Mama mkwe nimemuacha mwisho maana yeye hayupo kwenye bei ila mtakutana naye tu. Alipoona sahani ya mjukuu imebadilika akasema mnamnyima mtoto chakula, mnataka akonde watu waseme ana ngoma? Nisimcheke, kizazi chao wamezika watu wengi waliokonda, kwao kupungua ni msiba unaokuja. Nilijaribu kumueleza insulini hakuelewa wala hakutaka. Kilichomlainisha ni shingo, nilipomwambia ule weusi ni ugonjwa sio uchafu akakaa kimya, akauliza kwa hiyo nisimsugue tena? Usimsugue mama. Saivi akija analeta ndizi mbivu badala ya halfkeki, tunakwenda hivyo hivyo.

Matokeo mpaka sasa kwa anayetaka namba: mtoto kilo zake hazijapanda na amerefuka, nukta imesogea chini kidogo bado ipo juu ya ule mstari, kukoroma kumepungua sana. Mimi nimetoa kama 5, kuna mwezi zilisimama kabisa nikataka kuacha, wakaniambia mwili ukipungua unajibana matumizi na kuongeza njaa, unadhani ukame umeingia, ndo maana wengi tunarudi tulipotoka. Dumu halijafika miezi miwili, linafika mwezi na wiki mbili tatu hivi.

Kama unaenda: piga simu uombe siku za katikati ya wiki mchana, Jumamosi usijaribu. Beba kadi ya zamani ya kliniki ya mtoto hata kama imechakaa, wanaisoma tangu kuzaliwa na wataona mstari ulianza kupanda mwaka gani. Piga picha jikoni kwako, mafuta, sukari, na vilivyopo kwenye friji, usipange kwanza. Mpe mtoto chai kabisa nyumbani na ubebe chungwa na yai la kuchemsha kwa ajili ya foleni. Ukiitwa kwenye mzani mwambie yule wa risepsheni aandike tu asisome, mi niliporudi nilimwambia hivyo akaandika kimya kimya, kumbe inawezekana.